Mabati ya Mama Gwamaka

Ninyi vijana mnaoshinda pale Ibighi nje ya duka la vifaa vya ujenzi, juzi mlinicheka. Mmoja wenu akaniambia, "Babu, na ufundi wako wote ule, mbona hukuvuka mpaka wakati wenzako wanavuka? Saa hizi ungekuwa na ghorofa." Sikumjibu kwa sababu nilikuwa na kikombe cha chai ya moto mkononi, na mtu wa umri wangu hafanyi mambo mawili kwa mpigo. Sasa najibu. Mjukuu wangu atanyoosha herufi, maana mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nusu yake nilikuwa nyuma ya ng'ombe.

Kwanza mjue hili: simwamini mtu anayenieleza kwa nini anaondoka, na anayenieleza kwa nini anabaki simwamini pia. Wote wana maneno mazuri. Anayeondoka anasema maisha magumu. Huku kwetu? Mvua hainyimi mtu, mgomba ukikatwa leo watoto wake wameshasimama, chai inachumwa mwaka mzima. Anayebaki naye anasema anapenda kwao. Mwulize vizuri utakuta alishajaribu kuvuka pale mpakani Kasumulu akarudishwa.

Mimi nilikuwa fundi wa kupaua. Kupaua ni kuiweka nyumba kichwa: kenchi, zile mbao za pembetatu zinazobeba paa, papi za kupigilia bati, halafu bati lenyewe. Nilianza zamani, bati linapatikana kwa kibali, na kibali kinapatikana kwa kumjua mtu. Nyumba nyingi zilikuwa za nyasi na mianzi. Halafu ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara. Mabati yakajaa madukani kama ndizi siku ya gulio, geji hii na geji ile, mengine membamba mpaka ukiligonga na ukucha linalia kama kopo. Malori ya Dar es Salaam yakaanza kupanda mpaka mashambani kununua ndizi, kila mtu akataka kuondoa nyasi, nami nikawa mtu wa kutafutwa.

Na hapo ndipo niliposhtuka. Kila nikimaliza paa moja, haupiti muda, kijana wa nyumba ya pili anaondoka. Anakwenda Malawi, anakwenda Zambia, anakwenda Afrika Kusini tuliyokuwa tukiiita Bondeni. Kijiji cha Kinyala nilipaua nyumba tatu msimu mmoja, wakaondoka vijana wanne. Ile nyasi ya baba yake ilikuwa haimsumbui kijana mpaka bati la jirani lilipoanza kumtia mwanga machoni asubuhi. Wanawake wa Kinyala wakaanza kuninong'ona. Mmoja aliniambia usoni, "Fundi, wewe una mkosi. Kwangu usipite na hiyo nyundo." Nikajaribu kumwelewesha, akaita mbwa.

Ndiyo maana nikawa mtu wa kuchunguza. Nikajitengenezea kanuni yangu. Mwenye nyumba wa kubaki, siku ya kupiga bati lazima aulize, "Fundi, maji ya upande huu yatamwagikia wapi?" Kwa mvua yetu hii, paa lisilo na mtaro litakuchimbia shimo mlangoni msimu wa kwanza, na wa pili litakugombanisha na jirani. Wa kuondoka hayo hayamhusu. Yeye anauliza paa litaonekana vipi kutoka barabarani. Kanuni hiyo niliitangaza kila mahali, kwenye pombe ya komoni, kwenye misiba, mpaka watu wakaichoka.

Ngoja nimtaje na aliyenifundisha kazi, Mzee Asumwisye, kwa sababu bila yeye hii habari haiendi. Huyu mzee alinifundisha kwamba mvua yetu kubwa inatoka upande wa ziwa. Kwa hiyo unaanza kulaza bati upande wa mlima, unamalizia upande wa ziwa, ili mvua ikija na upepo isikute mdomo wa bati wazi. Ukianza upande usio wake, paa litavuja hata bati likiwa jipya, na mwenye nyumba atasema umemwibia. Alinifundisha pia kwamba bati linalaliana na bati kwa migongo, na migongo lazima iumane, moja likae juu ya jingine kama bakuli ndani ya bakuli. Na alinifundisha kupiga kelele kabla ya kupanda.

Kelele kwa nini? Desturi yetu mnaijua, japo ninyi wa simu mnaichezea: mke wa mwana haonani na baba mkwe. Siku moja Mzee Asumwisye yuko juu anapaua nyumba ya mwanawe, hakupiga kelele, mke wa mwana huyo akatoka shambani na mzigo wa ndizi akaingia kwenye jiko la nyasi palepale kando. Mzee akishuka, ngazi iko mbele ya mlango wa jiko. Binti akitoka, atamwona mkwewe amekaa juu kama kunguru. Mvua ikaanza. Mzee kalala kifudifudi juu ya kenchi, kalowa mpaka mifupa, binti naye ndani anapika na kuimba nyimbo za kanisani, zote, kitabu kizima. Mpaka mwanawe aliporudi akamwondoa mkewe kwa mlango wa nyuma. Mzee aliposhuka meno yanagongana, mimi ndiyo kwanza narudi na misumari, akaniambia, "Umeona? Kwa hiyo piga kelele."

Basi, twende kijiji cha Nkunga. Kulikuwa na mama mjane, Mama Gwamaka. Wanawe wawili, Gwamaka na mdogo wake Ipyana. Gwamaka alikwenda Bondeni mapema, mmoja wa wale wa kwanza kabisa wa kupitia Malawi na Msumbiji. Mama akawa anatembea kichwa juu. Ukikutana naye njiani, hata salamu haijaisha, "Gwamaka kanisalimu. Kuna dereva kapita." Gwamaka katuma kitenge. Gwamaka katuma sukari. Halafu ikawa kubwa: Gwamaka anatuma bati, anamjengea mama nyumba. Nikaitwa mimi.

Nilikwenda na wasiwasi wangu wote. Nyumba ya tofali za kuchoma ilikuwa imeshasimama, mbao za mlingoti, ule mkaratusi, zimekauka vizuri, na mabati yamesimamishwa ndani ya nyumba ya zamani, yamefunikwa majani ya mgomba. Ipyana ndiye aliyenipokea. Kijana mrefu, mpole, mikono ya kazi. Nyundo akiishika inatii. Nikampandisha juu anisaidie kenchi.

"Unajua kazi," nikamwambia. "Baki nami, utakula kwa hii nyundo."

Akacheka. "Tata," akaniita kama baba yake, "nikusaidie tu mpaka tumalize. Paa likiisha, naondoka."

"Unaenda wapi?"

"Kwa kaka. We huoni mwenyewe?" Akaionyesha nyumba kwa nyundo. "Huku nitachuma chai mpaka nife, na nyumba kama hii sitaijenga. Kaka ni miaka michache tu yule."

"Amekuita?"

"Mama anasema nikienda tutaonana."

Mama alikuwa chini anapalilia migomba. Alisikia, nilimwona alivyosimamisha jembe. Kisha akaendelea kulima palepale alipokwisha lima. Mpaka hapo nilijua mama huyu anakwenda kubaki peke yake na paa zuri, na mpauaji ni mimi mwenye mkosi.

Tukamaliza kenchi na papi. Siku ya kulaza bati nikaanza upande wa mlima kama nilivyofundishwa. La kwanza nikalaza. La pili nikaliweka juu yake, likagoma. Nikaligeuza, likagoma. Nikachukua la tatu, hilo likawa jembamba kuliko mengine. La nne lina migongo mipana. La tano lina kutu pembeni, la kukaa dukani hadi likasahaulika. Nikashuka nikayatandaza yote uani. Vijana, sijawahi kuona kitu kile. Yalikuwa kama watu waliokutana stendi, hakuna aliyemjua mwenzake.

Nikamtazama Ipyana. Nikasema moyoni, ndiwe. Kaka katuma mabati mazuri, wewe umeyauza ukanunua makombo, chenji ndiyo nauli yako. Siku ile hata chai yake sikunywa.

Lakini kijana mwenyewe alikuwa ameyakodolea macho mabati yale kama mimi. "Tata, yana nini?"

"Hukuwahi kuyaona?"

"Mama hataki nifunue. Anasema yatapata ukungu."

Nikateremka Tukuyu kwa Salumu. Huyu Salumu alikuwa na duka la mabati hapohapo mjini, Ibighi, baba yake huyo mnayekaa nje ya duka lake sasa. Mwislamu safi, hapunji kipimo, ila kinywa chake kilikuwa na kufuli.

"Salumu, mabati ya Gwamaka wa Nkunga yalinunuliwa kwako?"

"Fundi, umekuja kununua misumari au umekuja kunipeleleza?"

"Nakupeleleza."

Akacheka, akanivuta ndani. Akachungulia nje kwanza. "Gwamaka simjui sura. Ninayemjua ni mama yake. Lori la ndizi likipanda huko kwao, kesho yake mama anashuka. Ananunua moja. Lile analoliweza siku hiyo. Anajitwisha mwenyewe, anapita njia ya nyuma, anaondoka."

"Moja moja?"

"Moja moja, fundi. Nilimwambia mama, subiri uchukue kwa pamoja yatakaa vizuri. Akaniambia yakikaa pamoja dukani kwangu watu watajua ni ya nani." Akanitazama vibaya. "Na wewe sasa usiende kutangaza kama ile kanuni yako ya mtaro."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nakasirika sijui namkasirikia nani. Nikamkuta mama jikoni. Ipyana alikuwa mtoni. Nikakaa kwenye kigoda.

"Mama Gwamaka, mtu wa Bondeni akituma bati, linanunuliwa siku moja, duka moja. Haya yako yamenunuliwa miaka."

Akaendelea kumenya ndizi. "Wewe piga misumari, fundi."

"Gwamaka hajatuma kitu."

"Nimesema piga misumari."

"Hajatuma tangu lini?"

Kisu kikasimama. "Tangu alipoondoka," akasema. "Hata salamu. Hata mtu wa kusema nimemwona. Sasa niwaambie wa Nkunga hivyo? Kesho yake wataniletea mikeka. Watakaa hapo uani wamlie mwanangu, wachinje na ng'ombe. Mimi simlilii mtu ambaye sijamwona amelala. Kwa hiyo anatuma. Kitenge anatuma, sukari anatuma. Wakiona bati watasema yuko hai."

"Na Ipyana ataliona hilohilo bati."

Akaanza kukusanya maganda.

"Mama, hili paa ndilo linalomfukuza. Kaniambia mwenyewe. Anamfuata kaka tajiri ambaye umemjenga wewe kwa ndizi zako."

"Unafikiri sijui?" akasema, kwa sauti ndogo sana. "Nikimwambia ukweli, nimemzika Gwamaka kwa mdomo wangu. Nikinyamaza, nampoteza huyu. Wewe fundi wa kujua mengi, niambie, nipigilie wapi?"

Nikasema nitakwenda kutafuta namna ya kuyaumanisha yale mabati, nikatoka.

Na kwa faida yenu mnaojenga kwa mafungu kama mama yule: mabati yasiyofanana yanapaulika. Unayapanga makundi kwa migongo yake, manene unayaweka upande wa ziwa yapokee mvua, membamba upande wa mlima. Pale kundi moja linapokutana na jingine, unalaza kwa migongo miwili badala ya mmoja, na msumari unapiga juu ya mgongo, kamwe si bondeni mwa bati, maji yanapopita. Unapoteza upana, lakini halivuji. Ile nyumba haijavuja mpaka leo.

Kesho yake mama alikuja pale ujenzini kabla hatujapanda, akamwita Ipyana. Wakaingia migombani. Walikaa muda. Mimi nilipanda juu nikajidai napima, ukweli nilikuwa natega sikio, lakini mgomba unameza maneno. Nilichoona ni mgongo wa kijana tu. Ulinyooka, kisha ukainama, kisha ukabaki umeinama.

Waliporudi, mama akaenda jikoni. Ipyana akasimama chini ya ngazi, macho mekundu, akanyanyua uso.

"Tata, maji ya upande huu yatamwagikia wapi?"

Vijana, nusura nidondoke. Nikasema, amebaki! Kanuni yangu imesema! Nikamwonyesha kwa nyundo mtaro uanzie wapi, upinde wapi, usiguse kwa jirani. Akachukua jembe palepale.

Furaha ile haikufika mchana. Nilikumbuka kwamba kanuni yangu Rungwe nzima inaijua. Kijana akitaka kumtuliza mama yake, na kuniziba mimi mdomo, si anauliza tu? Maneno hayana nauli. Basi nikawa napiga msumari mmoja, namchungulia. Napiga wa pili, namchungulia.

Alichimba siku ile na iliyofuata. Akateremka mtoni akaleta mawe. Akayapanga chini na kando, akayashindilia kwa udongo mfinyanzi, mtaro ukawa wa kina cha goti na ukuta wa kila upande. Watu waliopita wakasifu. Wakasema, huyu kijana kakaa sasa, tazama anavyojenga kwao. Mama naye alikuwa anausifu.

Mimi nilishuka nikautazama. Mitaro nimeona mingi. Mtu wa kubaki anakwaruza kidogo tu, maana anajua mvua ikiisha atarudi na jembe, mwakani tena, mwaka wa pili tena. Anayechimba mtaro usiohitaji jembe tena ni mtu ambaye jembe lake halitakuwepo. Kanuni yangu miaka yote niliishika kichwa chini miguu juu.

Nikamfuata mama migombani. Nikamwambia, "Mama, samahani. Huu mtaro si wa mtu wa kubaki."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyechelewa shule. "Najua. Mimi ndiye niliyemwambia auchimbe hivyo. Nani atauzibua akiondoka? Mimi na mgongo huu?"

"Hukumwambia ukweli?"

"Nimemwambia wote. Kuwa hakuna utajiri, bati ni ndizi. Nikadhani atabaki. Nikamaliza kusema, kaniuliza swali moja: 'Mama, kumbe kaka hana mtu wa kumtafuta?'" Akafuta pua na upande wa kitenge. "Ningemjibu nini? Mwanzo alikuwa anakwenda kutafuta mali, nikawa namzuia moyoni. Sasa anakwenda kutafuta ndugu yake. Nimemfungia ndizi za kuchoma za njiani."

Aliondoka tulipomaliza kupiga kofia ya paa. Hakuwa na begi la maana. Aliniachia nyundo aliyokuwa anaitumia, akasema, "Tata, ndaga fijo, asante sana. Mtazame mama." Mama hakumsindikiza barabarani. Alibaki anafagia majani kwenye mtaro ambao haukuwa na jani.

Baada ya hapo yakaanza tena yaleyale. "Ipyana kanisalimu, kuna dereva kapita." Ipyana yuko salama. Halafu siku moja, kwenye gulio, Ipyana kampata Gwamaka! Yuko hai, anafanya kazi shambani kwa watu, ana mke wa huko, aliona aibu kurudi mikono mitupu ndiyo maana kanyamaza. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikaondoka nikaenda kusimama nyuma ya mikungu ya ndizi, sikutaka auone uso wangu. Nilijua kiwanda cha maneno yale, nilishakitembelea. Nikajisema, sasa anatuma kwa niaba ya watu wawili wasiokuwepo, na mgongo ni mmoja.

Nikawa nakwepa njia ya Nkunga. Nikimwona mjini na mzigo nashika njia nyingine.

Miaka ikapita hivyo, mpaka mama akatuma mtu kuniita. Anataka jiko jipya lipauliwe. Ipyana, anasema, katuma bati.

Nilikwenda kwa uzito. Nilipita kwanza kwa Salumu; alikuwa ameshafariki, mwanawe hakujua kitu. Nikabeba misumari ya ziada, kwa sababu bati za ukoo ule zinakula misumari. Njiani nikawa napanga: manene huku, membamba huku, palipokutana migongo miwili. Nilipofika, mama alikuwa amekonda, nywele nyeupe, lakini kichwa juu kama zamani. Mtaro ulikuwa vilevile, jiwe halijasogea.

"Yako ndani, fundi," akasema.

Yalikuwa yamefunikwa majani ya mgomba. Nikaguna. Nikayatoa bila kuyatazama, nikayasimamisha ukutani, nikapiga kelele kama nilivyofundishwa, nikapanda. Mtoto wa jirani akanipandishia la kwanza. Nikalilaza upande wa mlima. Akanipa la pili. Nikaliweka juu ya la kwanza, nikatega mkono kulilazimisha kama nilivyozoea.

Likakaa.

Nikalitoa, nikaliweka tena. Likakaa. Nikaomba la tatu, la nne. Nikaomba la mwisho kabisa kule nyuma, kwa sababu mimi simwamini mtu. Yote geji moja, mgongo kwa mgongo, mhuri wa rangi moja, yamenunuliwa siku moja na mtu mmoja.

Habari za Gwamaka mimi nilizisikia tu, sitawaapia. Ila kwamba Ipyana yuko na ametuma kweli, hilo nililishika kwa mikono hii.

"Fundi!" mama akaniita kutoka chini. "Mbona umekaa? Hayaumani?"

"Yanaumana, mama," nikasema, nikatia misumari mdomoni haraka ili asiniulize jingine.